Namna ya Kuisoma Nyumba ya Kale ya Mbao Katika Milima ya Alpi

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika kijiji cha Alpi huvutwa na uso wa nyumba: maua ya madirishani, roshani yenye nakshi, mwaka uliochongwa juu ya mlango. Nashauri uyaache hayo yote kwa saa nzima, uzunguke hadi kwenye pembe, mahali kuta mbili zinapokutana, kisha uende nyuma, mahali moshi ulikotokea, na mwishowe uiname uchungulie chini ya sakafu. Katika sehemu hizo tatu, ambazo mwenye nyumba hakuwa na sababu kubwa ya kuzipamba, ndimo jengo linamoeleza lilijengwa na watu gani, kwa kazi gani na katika zama zipi. Maelezo haya yanahusu hasa Uswisi na sehemu za Ufaransa, Italia na Austria zinazopakana nayo, na yameandikwa kwa ajili ya mtu asiye fundi wala mtaalamu wa majengo ya kale. Vifaa anavyohitaji ni daftari, utepe wa kupimia, tochi, na ruhusa ya mwenye mali.

Kwanza, liweke sawa jina

Neno chalet, ambalo leo hutumika kwa kila nyumba ya mbao yenye paa pana, lilitoka katika lugha ya wenyeji wa upande wa Uswisi unaosema Kifaransa, na hapo mwanzo halikumaanisha nyumba ya familia hata kidogo. Lilikuwa jina la kibanda cha mchungaji kwenye malisho ya juu, mahali ng'ombe walipokamuliwa na jibini kutengenezwa kwa wiki chache za kiangazi. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alilitumia katika riwaya yake ya mwaka 1761 iliyosomwa kote Ulaya, na tangu hapo wasomaji wa mijini wakalichukua na kulivisha kila jengo la mbao la milimani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya jengo lolote ni hili: je, lilijengwa ili watu walale humo, au lilikuwa la ng'ombe, la nafaka, la nyasi kavu, au la jibini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu maisha ya mkulima wa Alpi yalikuwa ya kupanda na kushuka. Majira ya baridi familia ilikaa bondeni au kwenye kijiji cha katikati ya mteremko. Mwezi wa Mei ilihamisha mifugo hadi kwenye malisho ya kati, ambayo upande wa Kijerumani huitwa Maiensäss na upande wa Kifaransa mayen. Na ilipofika kiangazi, mifugo ilipelekwa juu kabisa, penye nyasi fupi chini ya miamba na barafu, kabla ya kuteremshwa tena mwezi wa Septemba. Kila ngazi ilihitaji paa lake. Katika Valais, moja ya kantoni, yaani majimbo, ya Uswisi, familia moja ya kawaida iliweza kumiliki nyumba ya kuishi, zizi, banda la nyasi, ghala la miganda na ghala la chakula, tena si yote kwa ukamilifu, kwa sababu urithi uligawanywa sawa kwa watoto wote na mtu aliweza kurithi ghorofa moja ya nyumba au sehemu ya ghala. Ukiona nyumba ndefu ya ghorofa nyingi katika kijiji cha Evolène, usidhani ilikuwa ya tajiri mmoja. Mara nyingi ghorofa zile zilikuwa na wenyewe tofauti.

Tazama miguu ya jengo

Inama sasa. Ikiwa jengo limeinuliwa kutoka ardhini kwa miguu mifupi ya mbao, na juu ya kila mguu pamewekwa bamba la jiwe, pana na bapa, lililochomoza pande zote, basi umesimama mbele ya ghala la nafaka. Bamba lile lilikuwa kinga dhidi ya panya: mnyama alipanda mguu vizuri, lakini akifika juu hukuta dari la jiwe asiloweza kulitembea kichwa chini. Inapendeza kukumbuka kwamba Kiswahili kina jina mtambaapanya kwa boriti inayolala juu ya ukuta na kupokea paa; mafundi wetu walimkubali panya kama mpangaji wakampa njia yake, ilhali mafundi wa Valais walimfungia mlango huko chini.

Hapa kuna aina mbili zinazofanana sana, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ile inayoitwa Stadel kwa Kijerumani na raccard kwa Kifaransa, ambamo miganda ya nafaka, hasa ya rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano, ilihifadhiwa kabla ya kupurwa na kisha kupurwa humo humo ndani. Ya pili huitwa Speicher au grenier, na ilihifadhi nafaka iliyokwisha kupurwa, pamoja na nyama iliyokaushwa, nguo za Jumapili na hati za mashamba. Ili kuzitofautisha, tazama sakafu na kuta. Ghala la miganda lilihitaji upenyo wa hewa, kwa hiyo viungo vyake huwa vimelegea kidogo na katikati yake huwa na sakafu ngumu ya kupuria, yenye mbao zilizobanana ili punje zisipotee. Ghala la chakula, kinyume chake, huwa limekazwa kila upande, na mlango wake una kufuli la kueleweka. Sehemu ya kale ya Zermatt inayoitwa Hinterdorf bado ina aina hizo zikiwa zimesimama karibu karibu, nawe unaweza kuzilinganisha kwa hatua chache.

Upande wa Savoie, nchini Ufaransa, utakutana na kijumba kidogo kinachoitwa mazot, kikiwa kimesimama hatua kadhaa kutoka nyumba kubwa. Umbali huo ulikuwa wa makusudi. Nyumba ya mbao yenye moto wa kuni ndani huweza kuteketea kwa usiku mmoja, na familia iliyobakiwa na mbegu, nguo na hati zake iliweza kuanza tena. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: mji wa Meiringen, katika kantoni ya Bern, uliungua mwaka 1879 na ukaungua tena mwaka 1891, mara zote mbili moto ukiendeshwa na upepo mkavu na wa joto unaoitwa föhn.

Kibanda cha jibini hutambulika kwa alama moja ambayo ni vigumu kufutika. Tafuta karibu na mahali pa moto nguzo ya wima inayozunguka, yenye mkono wa mlalo mfano wa herufi L iliyogeuzwa. Mkono huo ulibeba sufuria kubwa ya shaba, na mtengeneza jibini aliusukuma juu ya moto au kuuondoa kwa kadiri maziwa yalivyohitaji joto. Hata kama nguzo yenyewe imeng'olewa, tundu lake la juu kwenye boriti na la chini kwenye jiwe hubaki, na kati yake mbao huwa nyeusi kwa masizi.

Soma pembe

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nami sitaipita haraka. Kuta za sehemu kubwa ya nyumba za milimani katika Alpi hujengwa kwa boriti zilizolazwa moja juu ya nyingine, zilizochongwa pande zake zikawa bapa, zenye unene wa sentimita kumi na kidogo. Kwenye pembe, kila boriti hukatwa pengo juu na chini, kisha huingizwa katika pengo la boriti ya ukuta wa pili, na ncha zake huachwa zikichomoza nje. Hakuna msumari hata mmoja katika kiungo hicho. Uzito wa boriti za juu ndio unaokikaza, na kadiri nyumba inavyozidi kuwa nzito ndivyo pembe inavyozidi kuumana. Mashariki mwa Uswisi ufundi huu huitwa kufuma, kwa neno lile lile linalotumika kwa kufuma sweta, na anayetazama boriti zikipishana juu na chini hahitaji kuelezwa kwa nini.

Weka kiganja chako juu ya pembe hiyo, kisha ukiteremshe polepole. Utahisi mambo matatu. La kwanza ni alama za shoka, ambazo ni mikato mifupi ya mshazari isiyolingana; ukihisi badala yake mistari myembamba iliyolingana sawasawa, mbao ile ilipita kwenye msumeno wa mashine. La pili ni mabaki ya majani mafupi ya kijani, yale yanayoota juu ya mawe yenye unyevu, yakiwa yamekauka na kushindiliwa katikati ya boriti mbili ili kuzuia upepo. La tatu ni vigingi: hapa na pale, katika nyufa, utaona kipande cha mbao ngumu kilichopigwa wima kuunganisha boriti ya juu na ya chini ili zisitelezeane.

Tazama pia mahali ukuta wa ndani unapokutana na ukuta wa nje. Katika nyumba za zamani sana ncha za ukuta wa ndani hutokeza nje moja moja, kama vichwa vilivyotawanyika, ilhali katika zile za baadaye ncha zote hufuatana katika mstari mmoja kuanzia chini hadi juu. Peke yake alama hiyo haitoshi kutaja umri, lakini ikiungana na nyingine huwa ushahidi mzuri.

Mlangoni kuna jambo ambalo wanunuzi wa nyumba za kale huligundua wakiwa wamechelewa. Boriti iliyolala hunywea kwa unene wake inapokauka, wala si kwa urefu wake. Kwa hiyo ukuta wa boriti zilizolazwa hushuka sentimita kadhaa kwa kila ghorofa katika miaka yake ya mwanzo, ilhali mihimili ya mlango, iliyosimama wima, haishuki kabisa. Fundi wa zamani alilijua hilo. Alichimba mfereji kwenye ubavu wa muhimili, akaziingiza ncha za boriti ndani yake ili ziteremke kwa uhuru, na juu ya mlango akaacha nafasi. Ukikuta nafasi hiyo bado ipo, hata ikiwa nyembamba, fundi alikadiria vizuri. Ukikuta mlango umepinda na boriti za juu yake zimeacha ufa mkubwa, huenda mtu wa baadaye alipachika mlango mpya bila kuielewa kanuni hiyo.

Si kila ukuta wa mbao ni wa aina hii. Ukiteremka kuelekea nchi ya vilima ya Bern, utakuta nyumba za nguzo: mihimili mikubwa imesimamishwa juu ya fremu ya chini, na mbao nene zimeingizwa katika mifereji ya mihimili hiyo. Nyumba ya nguzo haishuki kama ile ya boriti zilizolazwa, na inaweza kubeba paa kubwa mno lenye zizi, ghala na makazi chini yake. Na huko Engadin, mashariki ya mbali, usidanganywe na kuta nene nyeupe zenye michoro iliyokwanguliwa kwenye lipu. Mara nyingi ndani ya ganda hilo la mawe mna nyumba ya boriti zilizofumwa, iliyovikwa ukuta baadaye. Mbisho kwenye ukuta wa sebule, ukitoa sauti ya mbao, hulimaliza shauri.

Asili ya wajenzi

Pembe ya nyumba inaweza kukupeleka kwenye historia ya watu. Wasemaji wa Kijerumani walifika katika bonde la juu la Valais kati ya karne ya 8 na ya 9, na kufikia karne ya 13 baadhi yao walianza kuvuka vilele na kuhamia mabonde ya juu ya jirani ambako wengine hawakutaka kukaa. Watu hao huitwa Walser, jina lililofupishwa kutokana na Walliser, yaani mtu wa Wallis, ambalo ndilo jina la Kijerumani la Valais. Hati ya mwaka 1289 inawahusu Walser waliopewa ardhi Davos. Wengine walikwenda kusini hadi Gressoney na Alagna, ambako leo ni Italia, na Bosco Gurin, kijiji pekee cha kantoni ya Ticino chenye asili ya lugha ya Kijerumani; wengine wakaenda mashariki hadi mabonde ya Vorarlberg, ambayo ni Austria.

Walipokwenda waliubeba ufundi wao, lakini hawakuubeba bila kuubadili. Kule Alagna, kwa mfano, nyumba ya Walser husimama juu ya ghorofa ya mawe yenye zizi, na ghorofa za mbao huzungukwa pande kadhaa na roshani zenye fito nyingi za mlalo. Fito hizo hazikuwa pambo. Mavuno katika miinuko ile hukatwa kabla hayajakauka vizuri, na roshani ndiyo ilikuwa uanio. Kwa hiyo unapokutana na roshani, uliza ilianikia nini kabla ya kuuliza ilipambwa na nani.

Ingia ndani ufuate moto

Mpango wa ndani ni rahisi ukishaujua. Sebule hukaa mbele, upande wa jua na bonde. Jiko hukaa nyuma, kwenye mteremko, na huko Valais jiko hilo mara nyingi hujengwa kwa mawe ingawa sebule ni ya mbao. Moto wote ulikaa jikoni. Jiko la kupashia joto sebule, lililojengwa Valais kwa jiwe la sabuni, lilijazwa kuni kutoka upande wa jikoni kupitia tundu ukutani, hivyo sebule ilipata joto bila moshi wala majivu. Katika Uswisi ya kale hii ilikuwa tofauti kubwa kati ya nyumba na kibanda: nyumba ilikuwa na chumba kimoja kisicho na moshi.

Chukua tochi umulike dari ya jikoni. Masizi mazito yanayong'aa kama lami maana yake ni kwamba moshi ulipanda wazi hadi kwenye paa kwa vizazi kadhaa, kabla bomba halijajengwa. Sebuleni, mulika boriti kubwa ya katikati ya dari. Hapo ndipo wenye nyumba wa Valais walipochonga mwaka, majina ya mume na mke, na aghalabu maneno ya Biblia au dua. Mbao za kufunika kuta za sebule mara nyingi ni za msonobari wa arola, mti wa miinuko ya juu wenye harufu ambayo hudumu miaka mingi. Ukiinusa mara moja hutaichanganya na nyingine.

Paa

Wengi hudhani kwamba nchi ya theluji nyingi lazima iwe na paa lenye mteremko mkali ili theluji imwagike. Paa la kale la milima ya Bern na Valais hufanya kinyume: limelala, kwa nyuzi 20 hadi 25 hivi, na hukusudiwa kuibakiza theluji juu yake, kwa kuwa theluji iliyotulia ni blanketi. Sababu ya pili ni ya fedha. Misumari ilipokuwa ikifuliwa mmoja mmoja na mhunzi ilikuwa ghali, kwa hiyo vigae vya mbao vililazwa tu bila kupigiliwa, vikakandamizwa kwa fito na mawe mazito. Na paa la namna hiyo likiinuka sana, kila kitu huteleza. Misumari ya kiwandani ilipopatikana kwa bei nafuu katika karne ya 19, mapaa yaliweza kusimama zaidi.

Okota kipande cha kigae kilichoanguka, ukiruhusiwa. Kigae kizuri hupasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti, hakikatwi kwa msumeno. Msumeno hukata nyuzi na kuacha vinywa vidogo vinavyonyonya maji. Kupasua huziacha nzima, na maji ya mvua hufuata mifereji ya asili hadi chini. Mafundi wa vigae vyembamba vinavyoitwa tavillon bado wapo katika Uswisi ya Kifaransa, na kazi yao ni ya polepole kiasi kwamba nyumba nyingi za zamani zimeishia kuwekewa bati. Usimlaumu mwenye nyumba kwa bati. Katika mabonde kadhaa ya Valais na Ticino paa halikuwa la mbao tokea mwanzo bali la mabamba ya mawe, na hapo kenchi huwa nene ajabu kwa ajili ya uzito huo.

Kutafuta umri bila kudanganyika

Mwaka uliochongwa ni ushahidi wa kitu kimoja tu: kwamba mtu aliuchonga. Unaweza kuwa mwaka wa kujenga, wa kuongeza ghorofa, wa kupanua madirisha, au wa ndoa. Mwaka ulio kwenye jiko la jiwe ni wa jiko, si wa nyumba. Zaidi ya hayo, nyumba hizi zilihama. Sheria za kale za Kijerumani zilikuwa na msemo kwamba kinachoteketezwa na mwenge ni mali inayohamishika, na watu waliuchukulia kama ulivyo: walibomoa nyumba boriti kwa boriti, wakaisafirisha na kuisimamisha kwingine, au waliuza boriti chache zikaingia katika jengo jipya. Tafuta alama za kuunganishia, mikato mifupi inayofanana na tarakimu za Kirumi, karibu na pembe. Zikifuatana vizuri kutoka chini kwenda juu, ukuta uko kama ulivyopangwa. Zikirukaruka, au ukiona mapengo ya viungo yasiyo na kazi, boriti hizo zimewahi kuishi maisha mengine.

Huko Valais na milima ya Bern kuna nyumba ambazo wenyeji huziita nyumba za wapagani. Utazitambua kwa nguzo fupi ya wima katikati ya ukuta wa pembetatu, chini ya kilele cha paa, inayofanya umbo la msalaba na kipande kinachoikatisha. Masimulizi ya kienyeji yalisema zilijengwa na watu walioishi kabla ya Ukristo. Hilo haliwezekani, kwa kuwa Valais ilikuwa na askofu tayari mwaka 381, nazo nyumba zenyewe ni za karne ya 15 na ya 16 hivi. Nguzo ile ilikuwa na kazi ya kawaida kabisa, ya kuzuia ukuta wa pembetatu usiangukie nje. Hata hivyo jina lina manufaa kwako: likitamkwa na mzee wa kijiji, jua kwamba nyumba anayoielekeza huenda ni miongoni mwa kongwe zaidi hapo.

Nakshi za uso wa nyumba pia hufuata zama. Katika milima ya Bern mistari ya vijichemraba vilivyochongwa kupita upana wa ukuta ni ishara ya karne ya 17, na maandishi marefu yenye jina la seremala pamoja na la mwenye nyumba ni ya kipindi hicho na baada yake. Lakini anayetaka jibu la uhakika hutumia dendrokronolojia, yaani kuhesabu na kupima pete za ukuaji wa mti. Mtaalamu hupekecha boriti kwa keekee nyembamba yenye tundu, akatoa kijiti cha mbao, akapima upana wa kila pete na kuulinganisha na mfululizo wa pete za miti ya eneo hilo unaojulikana miaka yake. Pete ya mwisho chini ya ganda la mti ikiwapo, huweza kutaja hata majira ambayo mti uliangushwa, nayo mara nyingi ni majira ya baridi, kwa maana utomvu huwa haupandi na magogo huburutwa kwa urahisi juu ya theluji. Kwa njia hiyo nyumba iitwayo Bethlehem, mjini Schwyz, ilijulikana kuwa ya mwaka 1287, miaka minne kabla ya hati ya 1291 ambayo Waswisi huihesabu kuwa mwanzo wa nchi yao. Bado imesimama, na wageni huruhusiwa kuingia.

Rangi isikudanganye. Boriti nyeusi si lazima iwe kongwe kuliko ya kijivu. Mti wa larisi, unaotumika sana Valais, hugeuka kahawia iliyokolea hadi kuwa mweusi upande unaochomwa na jua, na hugeuka rangi ya fedha upande unaopigwa na mvua. Kwa hiyo nyumba moja, ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na rangi mbili.

Kuitambua nyumba ya kuigiza

Kufikia karne ya 19 watu wa mijini waliipenda nyumba ya mlimani kiasi cha kuitaka popote walipo. Viwanda vya Uswisi vilitengeneza nyumba za vipande na kuzisafirisha. Mwandishi Charles Dickens alipewa moja kama hiyo na rafiki yake mwigizaji Charles Fechter, ikamfikia Uingereza mwishoni mwa mwaka 1864 ikiwa katika makasha 58, na humo ndimo alimofanyia kazi hadi siku iliyotangulia kifo chake. Maonyesho ya taifa ya Geneva ya mwaka 1896 yalijengewa kijiji kizima cha Kiswisi pamoja na mlima wa bandia. Kisha ulikuja mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na kule Megève, Ufaransa, msanifu Henry Jacques Le Même akabuni katika miaka ya 1920 nyumba ya mbao ya mtelezaji, ambayo haikuwa na ng'ombe wala nyasi ndani yake.

Nyumba za aina hiyo si za kudharauliwa, na baadhi yake ni nzuri kuliko zile zilizoziiga. Kosa ni kuziita za kale. Kuzitofautisha, rudi kwenye pembe: je, ncha zinazochomoza ni mwendelezo wa boriti za ukuta, au ni vipande vilivyogongomewa nje juu ya ukuta wa matofali? Pima unene penye dirisha. Tazama kama roshani kubwa iko mbele, upande wa mandhari, badala ya kuwa ubavuni chini ya upenu ambako vitu vya kuanikwa visingenyeshewa. Chunguza nakshi: kazi ya msumeno mwembamba wa mashine huwa na mapambo yanayofanana mno, la kwanza na la ishirini. Na ukitaka kununua, kumbuka kwamba kura ya maoni ya Uswisi ya tarehe 11 Machi 2012 iliweka kikomo cha asilimia 20 kwa makazi yasiyo ya kudumu katika kila manispaa, jambo linaloathiri yanayoruhusiwa kufanyiwa banda la zamani au nyumba ya likizo. Uliza ofisi ya manispaa kabla ya kumwita seremala.

Andika na upime mapema

Usiahirishe kuchora. Tarehe 28 Mei 2025 barafuto, yaani mto wa barafu, ya Birch iliporomoka na kufunika sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten, katika bonde la Lötschental, ambacho nyumba zake za mbao zilikuwa kielelezo cha ufundi wa Valais. Wakazi walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Nyumba hazikuhamishwa, na kinachojulikana sasa juu ya nyingi kati ya hizo ni kile tu ambacho mtu aliwahi kukipima, kukipiga picha au kukichora.

Mahali pazuri pa kujizoeza ni jumba la makumbusho la wazi la Ballenberg, karibu na Brienz, lililofunguliwa mwaka 1978. Lina majengo zaidi ya mia moja yaliyobomolewa kwa uangalifu katika kantoni mbalimbali na kusimamishwa upya, yakiwa yamepangwa kwa maeneo yalikotoka, nalo hufungwa majira ya baridi. Nenda bila kusoma kibao cha maelezo kwanza. Chagua jengo moja, uanze na miguu yake, kisha pembe, moto, paa na alama, uandike daftarini unadhani lilikuwa la nini, lilitoka wapi na ni la karne gani. Baada ya hapo ndipo uzunguke mbele, utazame uso wake na usome kibao.